Miavuli ya Miguu

Wiki iliyopita mvua ya masika ilinikuta njiani, kati ya Ngamiani na nyumbani kwangu, nikiwa juu ya baiskeli. Usishangae. Gari ninalo, tena zuri, limelala chini ya banda nililolijenga kwa jasho langu. Lakini mtu aliyekulia pwani hii ya Tanga haachani na baiskeli kwa sababu tu Mungu amemfungulia riziki. Baiskeli yangu ya sasa ina gia, niliinunua ikiwa mpya dukani, na suruali ya mvua ninayoivaa niliagiziwa kutoka Muscat na bwana mmoja niliyemfungia tangi la maji likamridhisha. Ina zipu mpaka kwenye kifundo cha mguu. Watoto wa mtaani wakiniona nimeivaa hunipigia kelele, "Mzee wa anga! Mzee wa anga!" Nawaacha. Wao wanalowa, mimi silowi.

Nilipofika nyumbani niliegemeza baiskeli ukutani, nikaivua ile suruali, kisha nikasimama barazani, mguu wa kulia nimeutanguliza mbele kama mtu anayepimwa kiatu. Nikawa nimesimama tu hivyo, maji yananichuruzika kichwani.

Mke wangu akachungulia mlangoni. "Sasa mwenzangu unangoja nini hapo? Ingia, chai inapoa."

 Nilijiona mjinga kidogo, nikaingia. Lakini nilijua vizuri nilichokuwa nakingoja, na kwa kuwa wewe ni mtu wa enzi zangu, uliyepata kupanda baiskeli katika tope jekundu la mashamba ya mkonge, nitakueleza.

Nililelewa na Bibi, mama yake mama, katika kijiji kidogo kando ya barabara ya Pangani, si mbali na Kigombe. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, imeezekwa makuti. Wanaokulia chini ya bati hawajui kitu hiki: juu ya makuti mvua hainguruki, inanong'ona. Ukiwa ndani unaisikia kama watu wengi wanaozungumza chumba cha pili. Harufu yake ni ya majani makavu yaliyoanza kulowa, imechanganyika na moshi wa kuni na nazi inayochemka. Asubuhi za masika Bibi alinipikia uji wa mchele wenye pilipili manga, akaniwekea na muhogo wa jana uliopashwa jivuni. Nilikula nikitazama nje, nikisoma rangi ya mawingu kama nahodha.

Bibi alikuwa na lafudhi ya Kimtang'ata, ile ya wazee wa pwani yetu, na aliniita mume wangu, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu zao wa kiume. "Mume wangu, kanikunie nazi." "Mume wangu, kachote maji kabla jua halijachachamaa." Nilikuna nazi, nilichota maji, nilifagia uwanja, nilirusha makuti kwa waezekaji kila nyumba ya jirani ilipovuja. Sikuwa mtoto wa kulala. Ndiyo maana leo niko hapa nilipo.

Nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufaulu kwenda sekondari. Shule yenyewe ilikuwa ng'ambo ya mashamba ya mkonge, mwendo mrefu kwa mguu, lakini marehemu Babu alikuwa ameacha baiskeli kubwa nyeusi, chuma kitupu, nzito kama ng'ombe. Nilipoipanda mwanzoni, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyofika kwenye pedeli. Nikazoea. Kiangazi nilikuwa mfalme wa njia ile. Mkonge umesimama kwa mistari kushoto na kulia, vumbi jekundu linanifuata nyuma, na viatu vyangu vimefungwa kwenye keria ili soli zisilike.

Masika ndiyo iliyonivunja. Mvua ya mbele utaivumilia, utafumba jicho. Lakini miguu! Kwenye baiskeli mapaja yako yamejitandaza kama meza, mvua inayapiga wima. Chini, gurudumu la mbele linakurushia tope kwenye miundi. Ile baiskeli ya Babu haikuwa na madigadi ya mbele ya kukinga tope, yaliliwa na kutu zamani. Kila siku nilifika shule nikiwa mwekundu kuanzia magotini, nikakaa darasani na suruali ya maji mpaka ikaukie mwilini. Masika ile ya kwanza nikashikwa na homa ya mapafu. Nililazwa zahanati, nikapigwa sindano mpaka nikawa siwezi kukaa. Bibi alilala sakafuni kando ya kitanda changu juu ya mkeka, na nilipopata nafuu nikamkuta amekonda kuliko mimi.

Bibi alikuwa na imani yake juu ya jambo hili. Ugonjwa, alisema, unaingia kwa miguu. Ujana wake wote aliupitisha ndani ya maji, akilima mpunga bondeni na kutanda uduvi kwa nguo kwenye maji mafupi pamoja na wanawake wenzake, na uzeeni magoti yake yakajaa baridi yabisi. Alipoinuka kutoka kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, ulisikia magoti yakilia. "Hiki kilio," alisema akiyapiga kofi, "ni maji ya zamani. Yamo humu yanadai njia."

Basi masika ya pili ilipokaribia, akanikalisha chini. Nilijua ni jambo zito kwa sababu hakuniita mume wangu.

"Sikiliza, mwana. Mimi sitalala tena sakafu ya zahanati. Mwaka huu ukilowa miguu, shule basi. Nakukabidhi kwa mjomba wako."

Mjomba, yaani mwanawe Bibi, alikuwa na duka pale Horohoro, mpakani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekwisha kusema mara nyingi, "Mama, nipe huyu kijana. Kwangu atakaa chini ya paa mchana kutwa, anauza sabuni na betri. Mvua ataisikia kwa habari tu." Kwake yeye kusoma ilikuwa ni kujua kurudisha chenji. Nami nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nitakuwa mtu mkubwa. Nani, wapi, sikujua, ila nilijua haikuwa nyuma ya mzani wa sukari Horohoro.

Tangu siku ile Bibi akaanzisha mtihani wake. Kila siku ya mvua, nikirudi shule, nilimkuta barazani, mikono ameikausha kwa kanga. Nilisema, "Shikamoo Bibi." Hajibu. Nilitanguliza mguu wa kulia. Aliinama kwa taabu, akaingiza mkono chini ya suruali, akaupapasa muundi wangu taratibu kama anayetafuta mfupa kwenye samaki. Muundi ukiwa mkavu, ndipo alipoinua uso: "Marahaba, mume wangu. Pita ule." Ukiwa mbichi, hakuna marahaba. Aliinuka, akaingia ndani, akaniacha na shikamoo yangu mkononi. Wewe unajua maana yake kwetu. Mtoto aliyetoa shikamoo akanyimwa marahaba ni kama aliyefungiwa mlango.

Tulianza na nailoni, ile mifuko ya ndani ya magunia ya mbolea. Bibi alinifunga miguu yote miwili kama vifurushi, akakaza kwa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli. Mvua haikuingia, lakini jasho halikutoka. Nilifika shule ngozi imejikunja kama ya mtu aliyeshinda baharini. Jioni Bibi akapapasa.

"Hii ni nini?"

"Jasho, Bibi. Si mvua."

"Mimi napapasa maji. Sijui kuyauliza yametoka wapi."

Siku ya tatu mnyororo ulikamata nailoni ya kulia, ukaila yote mpaka pajani, nusura na mimi. Tukaachana nayo.

Ndipo akaja fundi mwavuli. Unawakumbuka watu wale? Kila masika ilipopiga hodi, yeye alitoka Tanga mjini na baiskeli yake, maiti za miavuli zimefungwa kwenye keria kama kuni, anapita kijiji kwa kijiji akipiga mbiu: "Miavuli! Mwavuli uliovunjika, mwavuli uliokata tamaa, leteni!" Bibi akamtolea mwavuli mweusi wa Babu, uliobaki mbavu mbili. Jirani yetu, mama mmoja mcheshi wa asili ya Pemba aliyekuwa akichoma vitumbua kando ya barabara, akaongeza wake, wa maua mekundu makubwa, uliogeuzwa na upepo siku ya harusi ya watu.

Fundi aliitazama yote miwili akatikisa kichwa. "Bibi, hii haifufuki."

"Nani kakwambia ufufue? Nataka umshonee mume wangu. Miguuni."

"Miguuni? Nimeshona miavuli tangu sijaota ndevu, mwavuli wa miguu sijaombwa."

"Basi leo umeombwa."

Jirani akapiga kofi kwa kucheka. "Mshonee fundi, tena maua uyaweke mbele. Mume mwenyewe mwembamba, angalau apendeze!"

Kitambaa cha mwavuli ni kitu cha ajabu. Chepesi, kinapitisha pumzi, na maji yakidondoka juu yake yanabingirika kama shanga. Fundi alivifumua vile vipande vya pembetatu, akaviunga kwa ngazi, kipande baada ya kipande kutoka kiunoni hadi kifundoni, kama marinda ya gauni, na chini akafunga mpira wa tyubu usipite hata mdudu. Bibi alimlipa kwa kuku na vitumbua vya jirani. Nilipovaa nilikuwa mguu mmoja mweusi, mmoja wa maua. Nilijiona kama jogoo. Lakini nikajiambia, afadhali jogoo anayesoma.

Mvua ya kwanza kubwa ilinikuta katikati ya mkonge, wakati wa kurudi. Nikakaa imara juu ya kiti nikicheka peke yangu. Mapaja makavu! Nikaendelea. Baada ya muda nikahisi baridi gotini. Kisha kwenye muundi. Kisha miguu ikaanza kuwa mizito, na kila nilipokanyaga pedeli nilisikia ndani yake kitu kinapanda na kushuka, chubwi, chubwi, kama maziwa kwenye kibuyu. Rafiki yangu, nilikuwa nimebeba maji. Mvua ilikuwa inaingia kwenye kila kiungo, ikishuka, ikifika chini inakuta mpira umefungwa, inatulia. Nilifika nyumbani kama mchota maji wa miguu.

"Shikamoo Bibi."

Hakuhitaji hata kupapasa. Alifungua mpira wa chini, maji yakamwagika barazani mpaka kwenye kiatu chake. Aliyatazama yakienda. Akaingia ndani.

Asubuhi yake nilimwona amesimama barabarani anazungumza na kondakta wa basi la kwenda mjini. Nilisikia maneno ya mwisho tu: "Wape salamu wanaovuka kwenda Horohoro. Wamwambie mwanangu aje Ijumaa." Aliporudi akashusha kapu la ukili kutoka darini, akaanza kukunja nguo zangu. Alikunja polepole sana, shati moja akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Sikulia. Nilikwenda nje nikaisugua baiskeli ya Babu kwa majivu mpaka ikang'aa, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Siku ya pili yake mvua ilipumzika, na wakaja waezekaji wawili kuziba paa la jiko letu lililokuwa likivuja. Kama kawaida kazi ya kuwarushia makuti ilikuwa yangu. Nilirusha la kwanza, wakalifunga chini kabisa, kwenye upenu. La pili wakalifunga juu yake, mguu wake umelalia kichwa cha la kwanza. La tatu vivyo hivyo, wakipanda. Nilikuwa nimeyaona hayo tangu nikiwa nasimama dede. Hata mbuzi wa kijijini wanajua kwamba unaezeka kuanzia chini kwenda juu, la juu linalilalia la chini, maji yanateremka kuti kwa kuti mpaka uwanjani. Ukigeuza, kila kuti linakuwa bakuli.

Nikasimama na kuti mkononi.

"Lete basi, umelala?" akaita mwezekaji kutoka juu.

Nililitupa kuti chini nikakimbilia ndani, nikachukua ile miavuli ya miguu, nikaitandaza mkekani. Nikatazama ngazi zake. Fundi alikuwa ameanza kushona juu, akashuka, na kila kipande cha chini akakilaza juu ya kile cha juu yake. Kila mshono ulikuwa mdomo uliofunguka, unakinga mvua. Hakuna aliyenionyesha hilo, nataka ulijue. Ni kichwa hiki hiki changu.

Nilimpelekea Bibi. "Bibi, huyu kaezeka kuanzia juu."

Aliupokea mguu wa maua, akaugeuza, akapitisha kidole chini ya mshono. Kidole kikazama mpaka kiungo cha pili. Kwanza mabega yake yakaanza kutikisika, ndipo nikajua anacheka. Tangu siku ya maji nilikuwa sijamsikia akicheka.

"Lo! Kaniezekea mume kichwa chini miguu juu! Si ajabu. Mtu wa mjini yule, kazaliwa chini ya bati." Akafuta machozi kwa upindo wa kanga. "Lete sindano. Na lile kapu litoe njiani, linanikwaza."

Tulifumua yote. Tulianza chini kama waungwana, tukapanda, kila kipande kikimlalia mwenzake, yeye akishona na mimi nikimtungia uzi sindanoni maana macho yake hayakuona tena tundu. Mpira wa chini tukautoa kabisa. Mahali pake Bibi akaacha kipande kinaning'inia juu ya kiatu, kimechanua, ili maji yadondokee nje. "Hapa ni upenu," akasema. "Nyumba gani haina upenu?"

Lakini kapu halikufunguliwa. Lilisogezwa tu. Bibi hakuwa mtu wa kuamini jambo kabla hajalipapasa.

Ijumaa ikapambazuka kweupe. Hakuna wingu, bahari ya buluu mpaka macho yanauma, kunguru wanaota jua. Mjomba anakuja mchana, kapu liko tayari, na mimi bila mvua sina ushahidi. Je, umewahi kumwona mtu anayekimbia mvua mwaka mzima, siku moja anaiomba kwa machozi? Nilipanda baiskeli nikisoma kila dua niliyofundishwa chuo cha Kurani. Nilivaa miavuli yangu hivyo hivyo, juani.

Getini mwalimu wa zamu alinisimamisha. Alinitazama kuanzia maua kwenda kwenye weusi.

"Wewe, unakwenda shule au ngomani?"

"Shule, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Na mvua iko wapi?"

"Inakuja, mwalimu. Inshallah."

Darasa zima lilikufa kwa kicheko. "Bi harusi kafika!" "Bi harusi, bwana yuko wapi?" Nikakaa. Nilitazama dirishani asubuhi yote, hesabu zikapita mbele yangu kama basi lisilosimama. Siku ya Ijumaa tuliachiwa mapema kwa ajili ya sala, na tulipotoka msikitini, upande wa bahari nikaona mstari mweusi, mwembamba kama wanja. Nikaondoka polepole makusudi. Mtu wa kwanza katika historia ya njia ile kuisubiri mvua imfike.

Ikanifika. Ilikuja kwa upepo, mkonge ukapiga kelele, kisha ikaniangukia yote kwa pamoja kana kwamba wameipindua. Shati likanigandia mgongoni. Nywele, masikio, mashavu, kila kitu maji. Nilitazama miguu. Maji yalidondoka pajani, yakabingirika, yakaruka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, yakafika kwenye upenu, yakaanguka njiani. Tope la gurudumu lilipiga maua likateleza. Nilikanyaga pedeli nikasikiliza. Hakuna chubwi. Nilipiga ukelele peke yangu katikati ya mkonge, ukelele ambao sijawahi kuupiga tena, hata siku ya diploma.

Nilipopita kwenye kibanda cha vitumbua, jirani alitoa kichwa nje. "Jamani, gauni hilo! Kimbia mume wa mtu, mjomba wako keshafika, anakula tu!"

Kweli Mjomba alikuwa barazani, sahani ya wali wa nazi mapajani. Bibi amesimama, mikono mikavu. Kapu la ukili liko mlangoni.

"Shikamoo Bibi. Shikamoo Mjomba."

"Marahaba," akasema Mjomba mara moja, maana yeye hakuujua utaratibu. Bibi alinyamaza. Nikatanguliza mguu wa kulia. Akainama, magoti yakalia, mkono wake ukapanda chini ya maua, ukapita muundini, ukafika gotini, ukashuka. Akauhamia mguu wa kushoto. 

"Njoo umpapase," akamwambia Mjomba.

Mjomba akaja na sahani yake, akagusa kwa mkono wenye nazi. "Mkavu. Basi kajificha mahali, huyu."

"Mshike kichwa."

Alinishika kichwa, akanishika shati. Akalikamua, maji yakamloweshea sahani. Akanitazama juu, akanitazama chini, kama mtu aliyeuziwa mnyama wa aina mbili.

"Juu samaki, chini mchele," akasema. "Mama, haya mambo ya wapi?"

"Ya hapa hapa," akasema Bibi. Kisha akanyoosha mgongo wote, kadiri magoti yalivyomruhusu, akaniangalia usoni. "Marahaba, mume wangu. Pita ule."

Kapu lilikwenda Horohoro siku ile ile, ila halikuwa na nguo zangu. Bibi alizitoa moja moja, akajaza nazi na muhogo wa kumpelekea mkewe Mjomba. Na Mjomba hakuondoka hivi hivi. Alisimama kwenye mlango akikuna kidevu. "Mama, na mie nishonee. Ila mie usinitie maua."

Nilisoma mpaka nikamaliza, na homa ile haikunirudia. Baadaye nikaenda chuo, mbali, kusomea ufundi wa maji. Wiki ya kwanza mwalimu wa chuo alitupa mabomba mawili ya maji machafu, akauliza: mdomo mpana wa bomba uelekee wapi, mlimani au bondeni? Darasa la vijana wa mijini likatazamana. Mimi nikainua mkono. Nikasema mlimani, ili kila bomba la juu liingie ndani ya la chini, maji yapite bila kukuta mdomo. Akaniuliza nimelisoma kitabu gani. Nikamwambia kwetu tunaezeka hivyo. Hakunielewa, lakini aliniwekea alama. Diploma yangu ipo sebuleni ndani ya kioo, mkabala na mlango, ili mgeni asipate taabu ya kuitafuta. Nimefanya kazi Mwanza, nimefanya kazi Mtwara, nimerudi nyumbani na gari, mafundi wanaonisikiliza, na nyumba ambayo mifereji yake nimeipanga mwenyewe. Haivuji. Nenda uulize mtaa wote.

Nilimwezekea Bibi bati kabla hajafariki. Alishukuru, alinibariki, kisha mvua ya kwanza ilipopiga akaniambia, "Mume wangu, zuri, lakini linanipigia kelele, sisikii mvua inasema nini." Sasa pale kijijini bati ni kila nyumba. Waezekaji wale wamepumzika. Fundi mwavuli haji tena, mwavuli ukivunjika unatupwa, na kitambaa chake siku hizi ni chepesi kama karatasi ya peremende. Barabara inawekwa lami. Wanafunzi wanapita kwenye bodaboda, wanafika shule miguu mikavu na hawajui kwamba hilo ni jambo. Sisikitiki. Nafurahi kwa ajili yao. Ila hakuna anayewangoja barazani na mikono mikavu.

Hayo yote nilimsimulia mke wangu usiku ule, chai ikiwa imekwisha kupoa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaondoa vikombe.

Juzi ikanyesha tena. Nikarudi na suruali yangu ya Muscat, nikaivua, na mguu ukajitanguliza wenyewe. Mlango ukafunguka. Mke wangu alikuwa anafuta mikono kwa kanga.

"Haya," akasema, "nisalimie kwanza."

Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Mwenye diploma, mwenye gari, mtu mzima mwenye mvi. Uani kwa jirani hapakuwa na mtu.

"Shikamoo," nikasema.

Hakujibu. Akainama, akaingiza mkono, akapapasa muundi wangu taratibu, mpaka gotini, akashuka. Mvua ilikuwa inapiga bati langu kwa nguvu zake zote.

"Marahaba, mume wangu," akasema. "Pita ule."